Mama Hadubini na Ugonjwa wa Kwaya

Hospitalini walimwita Mama Hadubini. Kanisani, alikokuwa mke wa mchungaji, walimwita Mama Mchungaji. Akiulizwa anapenda jina lipi, alisema yote sawa tu, maana pande zote mbili kazi ni ileile ya kutafuta kisichoonekana kwa macho, tofauti ni kwamba hospitalini wanampa taa.

Maabara yake ilikuwa chumba chembamba nyuma ya wodi ya watoto: sinki lenye ufa, friji iliyonguruma kama ina kesi na mtu, na meza ndefu ya vigae vyeupe ambako hadubini ilikaa imevikwa kofia ya kitambaa aliyoishona kwa mkono wake. Hakuna aliyeruhusiwa kuivua kofia ile ila yeye. Wauguzi walimtania kwamba hata mchungaji nyumbani hatunzwi hivyo, naye aliwajibu kwamba mchungaji haingiwi na vumbi kwa urahisi.

Mumewe alikuwa mtu mwema, na hilo lisemwe mapema kabla mambo hayajaenda mrama. Ila alikuwa na maradhi mawili ya kudumu: alijibu kila swali, na alitengeneza kila kilichovunjika. Kiti kikikatika mguu, saa ya ukutani ikigoma, redio ya mjane ikinyamaza, havikufika jalalani kabla ya kupita mikononi mwake, na nyuma ya nyumba alikuwa na kibanda kilichojaa misumari, nyaya na mabaki ya vitu ambavyo hakuna aliyekumbuka vilikuwa nini. Maswali nayo aliyatengeneza hivyohivyo. Mtu akimletea msiba, ndoa mbovu au mtoto asiyesikia, hakutoka mikono mitupu. Alipewa jibu, akashukuru, akaenda zake. Kama jibu lilishika au lilibanduka baadaye, habari hizo hazikumrudia fundi.

Mkewe neno lake lilikuwa "bado". Sijui bado. Hatujui bado. Alilitoa bila haya mbele ya madaktari, mbele ya wagonjwa, na mezani kwake pia, jambo lililomkera mumewe kuliko chumvi kuzidi kwenye mchuzi.

"Mungu anajua," mume alikuwa akisema ili kufunga mjadala.

"Najua anajua," mke alimjibu huku akipakua. "Ila mimi hajaniambia."

Walilumbana hivyo tangu uchumba, na walipendana hivyohivyo. Binti yao wa pekee, ambaye kila mtu alimwita Chiriku kwa sababu aliimba kabla hajajua kusema vizuri, alikua akiamini kwamba kila nyumba ina mabishano ya namna ile kama inavyokuwa na paa. Sasa alikuwa msichana mkubwa, kiongozi wa kwaya ya vijana, na baba yake alijivunia sauti yake kwa kiasi ambacho mchungaji haruhusiwi kujivunia kitu.

Ugonjwa ulianza kwa kunyemelea. Msichana mmoja wa kwaya alilalamika tumbo linamsokota, mwingine kichwa, mwingine akapauka viganja na kuishiwa pumzi kwa kupanda ngazi za kanisa. Watu wakasema ni mitihani, ni usichana, ni kutokula vizuri. Baadaye ikawa kwaya nzima, na mazoezi yakafanyika watu wamekaa chini.

Kisha asubuhi moja, jikoni, Chiriku alinyanyua kikombe chake, kiganja kikalegea na kuinamia chini, chai ikamwagika meza nzima. Akacheka. Mama yake hakucheka.

"Kinyanyue tena."

"Mama, kimeteleza tu."

"Kinyanyue."

Hakikunyanyuka. Mkono ulikuwepo, vidole vilikuwepo, nguvu ndiyo haikuwepo. Chiriku akamtazama mama yake usoni, akaona pale kitu ambacho hakuwahi kukiona, hofu, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Siku ileile Mama Hadubini alimtoa binti yake damu, akaipaka kwenye kioo, akaitia rangi, akaivua hadubini kofia. Alitafuta vijidudu vya malaria mpaka macho yakamtoka machozi. Havikuwepo. Kilichokuwepo ni vitone vidogo vya buluu vilivyotapakaa ndani ya chembe nyekundu za damu, kana kwamba mtu amezinyunyizia wino. Akachukua damu za wanakwaya wengine. Vitone vilevile.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mzuri aliyechoka vibaya. Nje ya mlango wake wazazi walikuwa wamejaa korido.

"Mama, tuandike malaria, tuwape dawa, waende nyumbani," alisema.

"Sioni malaria, daktari."

"Sasa unaona nini?"

"Vitone. Sijui bado ni vya nini."

"Wale pale nje nitawapa vitone?"

"Wape ukweli. Waambie tunatafuta."

Daktari alijisugua uso kwa viganja. Alijua kile wanachokijua madaktari wote na wachungaji wote, kwamba mzazi mwenye mtoto mgonjwa anataka neno la kurudi nalo nyumbani, hata likiwa neno tupu. Lakini hakubisha zaidi. Alitoka akawaambia watu kwamba wanatafuta, akala matusi yake, akarudi ndani akafungua vitabu pamoja na Mama Hadubini. Vitabu vikasema vitone kama vile huletwa na mambo mengi: damu ya kurithi, upungufu wa hiki na kile, sumu ya madini. Kama ni sumu, imeingilia wapi? Hapo vitabu vilinyamaza. Chiriku alikula chungu kimoja na wazazi wake, nao walikuwa buheri wa afya. Wagonjwa walitoka mitaa tofauti, shule tofauti, mabomba tofauti. Daktari akapeleka damu kwenye maabara kubwa ya mji mwingine, wakaanza kusubiri.

Na watu wakisubiri hawakai bure. Alasiri moja wazee wa kanisa walijaa sebuleni kwa mchungaji, wakiongozwa na mwenyekiti wa akina mama, mwanamke shupavu ambaye mjukuu wake naye alikuwa amelazwa. Alikataa chai. Mwenyekiti akikataa chai, ujue kuna jambo.

"Mchungaji, hili tumekaa tumeliangalia," alisema. "Kwaya nzima iko chini. Nzima, isipokuwa mmoja."

Hakumtaja, na hakukuwa na haja. Mpiga kinanda alikuwa mjane aliyehamia mjini majuzi, mpole, asiye na ndugu, amepanga chumba kimoja nyuma ya duka la vyuma. Alikaa na wanakwaya kila zoezi, na hata mafua hakupata.

"Tunauliza tu," alisema mwenyekiti. "Yeye kwa nini haumwi?"

Walitaka Jumapili mchungaji aseme neno. Amtoe kwaya mbele ya watu, akemee kile alichokuja nacho, yaishe. Na mchungaji, ambaye siku nyingine angewakatalia palepale, aliutazama mlango wa chumba alicholala binti yake, akasema ataliombea. Mama Hadubini aliyasikia yote akiwa jikoni, mkononi ameshika sahani aliyokwisha kuikausha zamani.

Wageni walipotoka alikuja akasimama mbele ya mumewe.

"Mchungaji," alisema. Nyumbani alimwita hivyo pale tu alipokasirika. Siku nyingine alikuwa Baba Chiriku.

"Sijasema ni yeye."

"Hujasema si yeye."

"Watu wanataka jibu, mke wangu."

"Hata mimi nalitaka. Mtoto wangu namlisha kwa kijiko kama ndiyo kwanza anaota meno. Ningetaka jibu la kuwafunga watu midomo ningeandika malaria, na mpaka leo tungekuwa tunawanywesha dawa za bure huku hicho kitu kinaendelea kuwala."

"Nikisimama mimbarini nikasema sijui, watauliza mchungaji ni wa nini."

"Na mimi niliposema sijui, waliuliza hadubini ni ya nini. Nimekufa?"

Mchungaji alishika tama. Kisha akasema jambo ambalo mkewe hakulitegemea, na akalisema bila ukali.

"Hiyo 'sijui' yako inakuachia kazi ya kufanya. Unarudi maabara, unachungulia tena. Yangu mimi inaniachia watu wanaolia. Nikiwanyima jibu, niwape nini?"

 Miaka yote Mama Hadubini alikuwa akidhani kwamba yale majibu ya haraka ni uvivu uliovaa joho. Sasa aliona ni huruma, huruma iliyokosa subira, na moyo wake ukalainika kwa namna ambayo ilimuumiza. Akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Kaa nao," alisema mwishowe. "Mimi nitafute, wewe ukae nao. Lakini usiwape mtu wa kumla."

Jumapili kanisa lilifurika mpaka wengine wakasimama madirishani. Baadhi yao walikuja kwa ajili ya ibada, na wengi zaidi walikuja kwa ajili ya mpiga kinanda. Alikuwa mahali pake, mikono mapajani, na benchi lililokuwa karibu naye lilikuwa tupu kutoka mwisho hadi mwisho.

Mchungaji alipanda mimbarini bila karatasi.

"Mmekuja kusikia nani ametuletea ugonjwa," alisema. "Sijui."

Akaweka mikono yote miwili juu ya mimbari.

"Nimeomba, sijaonyeshwa. Mke wangu amechungulia, hajaona bado. Nimewapa majibu miaka mingi, na mengine niliyatoa kwa sababu niliogopa kukaa nanyi kimya. Leo sina. Binti yangu amelala nyumbani, mikono haina nguvu, na mimi baba yake, na mchungaji wake, sijui kwa nini."

Mwenyekiti wa akina mama alikunja mikono kifuani. Mama Hadubini alikuwa benchi la mbele. Yeye ndiye aliyelitaka jambo hili, na sasa lilipotokea alimwonea mumewe huruma kama mtu anayemtazama ndugu yake akivuliwa nguo hadharani. Alimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

"Ila kuna swali mliniletea nyumbani," Mchungaji aliendelea, "na nimelala nalo, nimeamka nalo. Ni swali zuri. Tatizo tumelishika kwenye makali."

Akashuka. Akatembea mpaka kwenye kinanda, akaketi kwenye lile benchi tupu, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

"Dada yangu, wewe kwa nini huumwi?"

Mwanamke alimtazama akitafuta mtego. Hakuuona. Swali lile lilikuwa limezunguka mji mzima kama hukumu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza mwenyewe kisha akasubiri ajibu.

"Sijui, Mchungaji," alisema. "Naimba nao, nakaa nao. Chumba kimoja, vitabu vilevile." Akasita. "Labda mimi yale maji yao ya limau sinywi. Nina vidonda vya tumbo."

Mama Hadubini akasimama katikati ya ibada, jambo ambalo mke wa mchungaji hafanyi.

"Maji gani?"

"Ya mazoezi, mama. Limau na asali, ya kulainisha koo. Wanayachemsha kwenye lile birika kubwa, yanashinda humo humo. Wengine wanajaza na chupa za kwenda nazo nyumbani."

Maji yale Mama Hadubini aliyajua, nani asingeyajua? Kila mtu aliyasifu yanavyosafisha sauti. Alikuwa ameuliza habari za vyakula, mabomba, mitishamba na vipodozi, akawachosha wazazi kwa maswali, lakini kikombe cha kanisani hakikumjia akilini hata siku moja, kwa sababu kilikuwa cha kanisani. Yeye, bingwa wa kutojua, alikuwa na kitu kimoja alichodhani anakijua.

Akaenda chumba cha nyuma, na nusu ya kanisa ikamfuata. Birika lilikuwa mezani: la shaba, kubwa, lenye bomba dogo ubavuni, la tangu enzi za waliolijenga kanisa. Akafungua kifuniko, akamulika ndani kwa simu. Chini kabisa, pale kitako kinapoungana na ubavu, palikuwa na mshono mnene wa kijivu, na limau lilikuwa limeula mpaka ukawa na vishimo.

Alijua ni mkono wa nani. Kila aliyekuwa pale alijua, maana mwanzoni mwa mwaka birika lilipokuwa likivuja, na akina mama wakitaka kulitupa, kuna mtu alilichukua, akalirudisha zima, na wote wakampigia makofi.

"Nililehemu mimi," alisema mumewe nyuma yake. Sauti haikuwa yake. "Niliyeyusha vipande nilivyotoa kwenye betri mbovu ya gari."

Ndani ya betri ya gari mna madini ya risasi, na risasi ikiingia mwilini ni sumu. Mke alilijua hilo, na uso wa mume ulionyesha kwamba sasa naye analijua. Angeweza kumwambia mengi. Yalikuwa kwenye ncha ya ulimi, yote ya miaka yote ya kile kibanda. Badala yake akamshika mkono.

"Niwaambie ni mimi," alisema Mchungaji. "Niwaambie sasa hivi."

"Bado," alisema mkewe. "Tupime kwanza."

Na mwenyekiti wa akina mama, aliyekuwa amejazana mlangoni na wenzake, akasema kwa sauti nzito, "Mchungaji, safari hii msikilize mkeo."

Wakapima. Maji ya birika yakafuata damu kwenye maabara kubwa, na majibu yakaja yote kwa pamoja kwa simu. Daktari alikimbia toka ofisini kwake hadi maabara, koti likipepea, akasimama mlangoni akihema.

"Ni risasi," alisema. "Kwenye maji, kwenye damu, kote. Na dawa yake ipo, mama. Ipo."

Mama Hadubini alimkumbatia yule kijana mpaka miwani yake ikapinda. Halafu akakaa kwenye stuli, akaegemea meza ya vigae, akacheka peke yake kwa muda mrefu, na muuguzi aliyepita akadhani amepata habari za kustaafu. Furaha ilikuwa imemjaa hadi kooni. Aliliacha swali wazi, akalilinda lisizibwe na neno la kwanza lililopita, akatukanwa kwa ajili yake, na sasa limejibiwa.

Dawa ilichukua muda wake. Rangi iliwarudia wasichana viganjani, matumbo yakatulia, vicheko vikarudi wodini na kuwakera wauguzi. Mikono ya Chiriku ndiyo iliyokawia. Mchungaji alishinda hospitalini kutwa, kitanda hadi kitanda, na kwa kila mzazi alisema kwa mdomo wake ni nani aliyelehemu birika. Wengine walimsamehe palepale. Mama mmoja alimpa kisogo, naye akavuta kiti akakaa nyuma ya kisogo kile mchana mzima bila kusema neno, na kesho yake akarudi akakaa tena, mpaka mama yule mwenyewe akachoka kumnunia akamwomba amshikie mtoto wakati anakwenda kununua maji.

Kwa mpiga kinanda walikwenda mume na mke pamoja na mwenyekiti wa akina mama, aliyekuwa ametayarisha hotuba ndefu ya kuomba radhi na akaisahau yote mlangoni.

"Nilikukosea," alisema tu. "Nilikukosea sana."

Mjane hakusema kwamba haikuuma. Iliuma, na aliwaambia hivyo. Kisha akawakaribisha ndani, viti havikutosha, wakakaa kitandani kwa kubanana mpaka jua likaegemea.

Siku kwaya iliporudi, mume na mke walikwenda kanisani kwa miguu, binti yao ametangulia mbele kwa kasi bila hata kugeuka nyuma. Njiani Mchungaji alisema:

"Nilitaka kuwasaidia wale watoto. Niliomba kabla sijaligusa lile birika. Kwa nini Mungu aliniacha nikalitengeneza?"

Mkewe alipunguza mwendo. Hili halikuwa jambo la kupaka kwenye kioo.

"Sijui," alisema.

"Sijui bado?"

"Hili sidhani kama lina bado, Baba Chiriku." Akapitisha mkono wake kwapani mwa mumewe. "Lakini nipo."

Mchungaji hakutafuta jibu la kuzibia. Waliendelea kutembea hivyo, wameshikana, mpaka mlangoni, na watu waliokuwa nje wakawapisha.

Kabla ya wimbo alisimama chini, usawa wa watu wote, akawaomba radhi wanakwaya na mpiga kinanda kwa sauti iliyokatika mara mbili tatu, akaenda kukaa kwenye benchi kama muumini mwingine yeyote. Chiriku akatoka mbele. Alikuwa amekonda, gauni limempwaya mabegani, na kanisa zima likawa na ule ukimya wa watu wanaoogopa kutumaini. Akainua mikono yote miwili. Viganja vikasimama wima, vikatulia pale hewani bila kulegea, na mama yake akasahau kuvuta pumzi. Kinanda kikaanza, kwaya ikaingia kwa pamoja, wale wasichana waliokuwa hawawezi kupanda ngazi, wakaimba kwa nguvu hadi vioo vya madirisha vikatetemeka, na mwenyekiti wa akina mama akashindwa kungoja ubeti uishe akapiga vigelegele. Mama Hadubini alilia bila kujifuta, huku akiimba. Binti yao aliuongoza wimbo mpaka mwisho, kisha akawaambia waurudie, na wakaurudia.